Kibubu

Nikisema niliwahi kufundisha Kiingereza nje ya nchi, Watanzania wenzangu hucheka kwanza, halafu ndiyo wanauliza wapi. Siwalaumu. Sisi na Kiingereza tunajuana. Unasoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, unafaulu, mama anakununulia begi jipya, halafu unaingia kidato cha kwanza na kukuta Biolojia, Historia na Jiografia zote zimegeuka lugha. Mwalimu anacheka na kitabu, wewe unacheka kwa sababu wenzako wamecheka. Majirani zetu wa kaskazini wanatutania kwa hilo mpaka leo.

Kwa hiyo ndiyo, ni mimi. Nilifundisha Kiingereza Thailand, kuanzia Mei 2018 mpaka Machi 2019. Sikwenda kwa sababu nakipenda Kiingereza. Gazeti nililokuwa naandikia lilipunguza watu, mimi nikiwa miongoni mwa waliopunguzwa, na kodi yangu ya Sinza ilikuwa imechelewa miezi miwili. Rafiki yangu aliyekuwa huko akanitumia namba ya wakala wa walimu Bangkok. Niliwatumia cheti changu cha chuo kikuu na matokeo ya mtihani wa Kiingereza, wakaniita kwenye usaili wa video. Mwishoni yule dada wa wakala akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa siri ya mapishi:

"Wazazi au wanafunzi wakikuuliza unatoka wapi, sema Afrika Kusini."

Sababu yake ilikuwa nyepesi. Kuna nchi zinazohesabiwa kuwa wenye Kiingereza. Afrika Kusini imo. Tanzania haimo. Ofisi ya shule ilikuwa imeshaiona pasipoti yangu na ilijua vizuri natoka wapi. Waliotakiwa kutojua ni wale niliokuwa naenda kuwafundisha.

Nikasema sawa. Nilisema haraka kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nilipangiwa Mahachai, mji mkuu wa mkoa wa Samut Sakhon, kusini magharibi mwa Bangkok, karibu na mahali mto Tha Chin unapoingia baharini. Aliyewahi kupita soko la samaki la Feri saa nne asubuhi anaujua Mahachai kwa pua tayari. Ni mji wa meli za uvuvi, barafu, na viwanda vya samaki na kamba. Siku ya kwanza niliposhuka kwenye gari na ile harufu ikanipokea, nilijisikia vizuri ghafla. Nikajiambia, hapa nitaweza.

Maisha ya wiki yalikuwa na mpangilio ambao mtu yeyote aliyesoma shule ya serikali kwetu angeutambua. Saa mbili asubuhi mstarini, bendera inapanda, wimbo wa taifa, matangazo marefu juani. Kisha darasani. Viatu vinaachwa nje mlangoni, jozi arobaini na kitu zimepangwa. Unaingia, mtoto mmoja anapiga kelele, "Stand up, please!" na wote wanaimba kwa pamoja: "Good mooorning, teacher!" Unawauliza hali, wanajibu kwa wimbo uleule niliouimba mimi Morogoro, kwa mvuto uleule, kwamba wako salama, asante, na wewe je? Hata kama mtoto ana homa, yuko salama, asante. Siku ya kwanza nusura nilie. Nilikuwa nimesafiri bahari nzima kwenda kuikuta sentensi yangu.

Walikuwa darasa la sita, watoto wa miaka kumi na moja na kumi na mbili. Wathai wana majina marefu ya kwenye vyeti, kwa hiyo kila mtu ana jina fupi la nyumbani, na siku hizi mengi ni maneno ya Kiingereza. Nilikuwa na Bank, nilikuwa na Ice, nilikuwa na Ball wawili. Wote waliniita Ticha.

Na juu ya meza yangu alikaa nguruwe.

Alikuwa nguruwe wa plastiki, wa rangi ya waridi, mwenye tundu mgongoni. Kibubu. Mkuu wa idara alinikabidhi wiki ya pili na kunieleza sheria: katika kipindi cha Kiingereza, kila neno la Kithai ni faini ya baht 2. Mwisho wa muhula pesa zinanunua aiskrimu za darasa zima. Alieleza kwa tabasamu, na kiukweli alikuwa mama mwema, aliyewahi kuniletea uji wa wali nilipougua tumbo.

Sasa hebu nikwambie nilichokuwa nacho mimi. Kidato cha kwanza shuleni kwetu kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Ukisikika ukiongea Kiswahili unakivaa shingoni mpaka umpate mwingine aliyekosea. Mimi nilikivaa wiki ya kwanza kwa sababu ya neno "aisee." Aisee tu. Nikakaa nacho siku tatu, maana kila aliyeniona alifunga mdomo. Baada ya hapo na mimi nikafunga wangu mpaka likizo ya Juni. Mama alidhani nimekuwa mpole.

Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua. Nilimpokea yule nguruwe kwa mikono miwili kama adabu ya kule inavyotaka, nikasema asante, nikamweka mezani.

Kulikuwa na mvulana aliyekaa karibu na dirisha. Wiki za mwanzo alikuwa na tabia ya kumwinamia jirani yake na kumnong'oneza kitu kwa Kithai, pengine kuuliza Ticha amesema nini. Nilimkamata mara tano. Hakuwa na sarafu, kwa hiyo niliandika kwenye daftari langu, mbele ya jina lake: deni, baht 10. Baada ya mara ya tano hakunong'ona tena. Hakuongea Kithai, hakuongea Kiingereza. Nilipomwita alisimama, akatazama viatu vilivyo nje ya mlango, akakaa. Kwenye ripoti ya katikati ya muhula nikaandika kwamba ni dhaifu, hashiriki.

Ndiyo wiki ilivyokuwa. Mwisho wa wiki ulikuwa nchi nyingine.

Ijumaa jioni nilikuwa naweka nguo mbili kwenye begi na kuondoka. Kituo cha treni cha Mahachai kimebanwa katikati ya soko. Treni ya kwenda Wongwian Yai, upande wa Thonburi wa Bangkok, ilikuwa baht 10, madirisha wazi, feni zinazunguka darini, nyuma za nyumba za watu zinapita karibu kiasi cha kuona wanakula nini. Nilikwenda Amphawa, kwenye soko la mtoni la mwisho wa wiki, nikapanda mtumbwi wa mashine usiku kuangalia vimulimuli kwenye miti. Nilikula embe na wali wa kunata uliopikwa kwa tui, nikampigia dada yangu simu kumwambia kwamba hawa watu wanakula wali wa nazi na embe kama kitindamlo na dunia haijaanguka.

Safari moja sikwenda kustarehe. Nilikwenda Kanchanaburi, kwenye ile reli ya vita. Wajapani waliijenga kati ya 1942 na 1943, kilomita 415, kutoka Thailand mpaka Burma, kwa nguvu za mateka wa kivita na vibarua wa Kiasia. Mjini kuna makaburi ya mateka, karibu 7,000, nyasi zimekatwa, kila jiwe lina jina. Vibarua waliokufa, Waburma, Wamalai, Watamil, Wajava, walikuwa wengi zaidi ya mateka kwa mbali, na hawana mawe yaliyopangwa hivyo. Nilikwenda kwa sababu ya babu yangu mzaa baba. Babu alikuwa Keya. Alipigana upande wa pili wa reli ile, ndani ya Burma, 1944, kwenye bonde la Kabaw, na kikosi cha Afrika Mashariki. Yeye hakusema Burma. Alisema Bama. "Tulipokuwa Bama," anaanza, na sisi wajukuu tunajua zinakuja mvua, tope na ruba. Vita vyenyewe hakuvisimulia. Alisimulia ruba.

Lakini wikendi nyingi zilikuwa ndogo tu, na zote zilifanana katika jambo moja: nilikuwa bubu. Kithai kina toni tano. Neno moja unaloliona kwa macho, kwa sauti hii ni mbwa, kwa sauti ile ni farasi, kwa nyingine ni kuja. Niliwahi kumwambia mama mwenye nyumba kitu nilichodhani ni "nitakuja kesho," akatazama huku na huku kumtafuta mbwa. Sokoni nilinyoosha kidole. Nilionyesha bei kwa vidole. Kituoni nilipiga tiketi picha na kuwaonyesha watu picha. Mimi, mtu wa kuandika makala za maneno elfu mbili, nilikuwa na maneno ishirini, nusu yake vyakula. Watu walinicheka bila ubaya, na ubaya ni huo, kwamba hata sikuweza kuwajibu utani wao. Jumapili usiku nilikuwa nalala na uchovu nisioujua, uchovu wa mdomo uliofungwa. Kisha Jumatatu saa tatu nasimama mbele ya watoto arobaini na nguruwe wangu, na mimi ndiye mwenye maneno.

Miezi mitatu sikuviunganisha vitu hivi viwili. Naandika haya nikishangaa.

Jumapili moja ya Agosti nilikuwa natoka Maeklong. Huko ndiko kuna lile soko lililo juu ya reli: treni ikija, wauzaji wanavuta vibanda na vikapu vyao, inapita ikigusa maturubai, ikishapita bamia na mapapai yanarudi juu ya reli kama hakuna kilichotokea. Wanauza samaki wao maarufu, pla thu, waliopikwa kwa mvuke na kupangwa kwenye vikapu vidogo vya mianzi, shingo zimevunjwa ili watoshe. Mimi niliona vibua. Ni jamii moja na vibua wetu. Nikanunua vikapu viwili kwa kunyoosha kidole, nikapanda treni mpaka Ban Laem, nikavuka mto kwa kivuko, nikatokea sokoni Mahachai saa kumi na moja jioni nikiwa na njaa ya mchuzi wa nazi. Nikaona niongeze na kamba.

Nyuma ya meza ya kamba, juu ya kreti lililopinduliwa, alikuwa amesimama yule mvulana wa dirishani.

Alikuwa anaongea. Siyo kuongea kidogo. Alikuwa anampigia mteja kelele za bei kwa Kithai, anapima, anafunga mfuko, anarudisha chenji, na bila kugeuza kichwa anaongea na mwanamke aliyechuchumaa nyuma yake, mwenye mabuti ya mpira, anayemenya kamba ndani ya beseni. Na ile lugha ya pili haikuwa Kithai. Hata sikio langu bovu lilisikia.

Ndipo nikaelewa. Mahachai imejaa watu wa Burma. Wao ndio wanaomenya kamba ambao dunia inawala. Tangu 2005 shule za Thailand zinaruhusiwa kupokea watoto wote, wenye karatasi na wasio nazo. Mtoto huyu nilikuwa namtoza faini kwa kuongea lugha ambayo na yeye alikuwa amejifunza juzi.

Aliniona. Akasimama wima kwenye kreti, akaweka viganja pamoja, akainamisha kichwa. Kisha akanyamaza, kama darasani.

Sikujua la kufanya, nikafanya nililokuja kufanya. Nikauliza bei, kwa Kithai changu. Mwenye meza, Mthai mnene aliyekaa pembeni na feni, akacheka mpaka akajipiga paja. Mtoto hakucheka. Akaniambia lile neno tena, polepole, akiinua kidevu pale sauti inapopanda. Nikarudia. Akatikisa kichwa. "Ticha. Again." Nikarudia. "Again." Mara ya nne akasema, "Good," akanipimia kamba.

Mama yake alikuwa ameinuka. Alijifuta mikono kwenye aproni, akasema kitu. Mtoto akasita. Mama akarudia.

"Mama anauliza," mtoto akasema kwa Kiingereza, Kiingereza ambacho sikuwahi kukisikia kutoka kwake, "mimi mwanafunzi mzuri?"

Nilisema ndiyo. Nilisema mzuri sana. Ripoti yangu ilikuwa mezani kwa mkuu wa idara.

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa sarafu na kuninyooshea kwa mikono miwili. Baht 10. Mtoto akatazama chini.

"Pesa ya Ticha," akasema. "Mama anasema pole imechelewa."

Alidhani ni ada. Mtoto alikuwa amemwambia anadaiwa na mwalimu, na mama akachukulia kwamba mwalimu wa Kiingereza analipwa kidogo pembeni, kama walimu wa masomo ya ziada wanavyolipwa kila mahali. Nilikataa kwa mkono. Akanyoosha tena. Nilitaka kueleza kwamba si ada, ni adhabu, kwamba nilimwadhibu mwanao kwa kunong'ona. Sikuwa na Kithai cha kusema hivyo, sikuwa na Kiburma, na Kiingereza nilichokuwa nacho kingebidi kipite mdomoni mwa mtoto mwenyewe.

Nikaichukua.

Nadhani nilitaka kumpa kitu badala yake, chochote. Nikauliza, "Myanmar?" Mtoto hakujibu, nadhani ni swali ambalo watu wenye sare huwa wanauliza. Ndipo mdomo wangu wenyewe ukatoa neno la babu. "Bama?"

Mama akainua kichwa. "Bama!" akasema, na mkono kifuani. Kumbe ndivyo na wenyewe wanavyoita kwa lugha ya kawaida. Miaka yote ile nilidhani babu anakosea kutamka Kiingereza.

Nikamweleza mtoto: babu yangu alikwenda Bama, zamani, vita. Akamgeuzia mama yake. Mama akauliza kitu kifupi.

"Mama anauliza, babu alirudi nyumbani?"

"Alirudi."

"Mama anasema, vizuri."

Kisha mtoto mwenyewe akauliza, kwa niaba yake: "Bama na Afrika Kusini, vita?"

Nikasema hapana. Nikasema mimi si wa Afrika Kusini, natoka Tanzania, na Kiingereza nilijifunza shuleni kama yeye. Alifikiri kidogo. Akaweka kidole mdomoni.

"I no speak," akasema.

Mama akaongeza kiganja kizima cha kamba kwenye mfuko wangu. Nyongeza, kama Feri.

Jumatatu nilimwondoa nguruwe mezani. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwa mkuu wa idara na kumwambia ukweli wote. Sikwenda. Nilimwambia kuhesabu sarafu kunanipotezea dakika za kipindi, akasema sawa, kila mwalimu na mtindo wake. Madarasa mengine nguruwe waliendelea kunenepa. Ripoti niliibadilisha, hilo nilifanya. Lile la Afrika Kusini niliendelea nalo mpaka mwisho, kwa sababu mkataba ulikuwa mpaka Machi na kodi ya Sinza nilishaanza kuimaliza.

Na mtoto hakuanza kuongea darasani. Najua hapa ndipo hadithi za walimu huwa zinachanua, ila yake haikuchanua. Alichofanya ni kubaki kengele ikilia, wenzake wakikimbilia chakula, anakuja mezani na kuonyesha kitu, dirisha, kiatu, kalamu. Mimi nasema kwa Kiingereza, yeye anarudia. Kisha yeye anasema kwa Kithai, mimi narudia, ananisahihisha kwa kidevu. Dakika tano, hazizidi. Aiskrimu za mwisho wa muhula zilipokuja, kutoka kwenye sarafu zilizokusanywa kabla, alikula mbili. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Nilirudi Dar, nikapata kazi ya habari tena. Desemba 2020 nilikuwa zamu ya jioni, dawati la kimataifa, nikitafsiri habari za mashirika. Ikaja ya Thailand: mlipuko wa korona umeanzia kwenye soko la kamba mkoani Samut Sakhon, maambukizi mamia, wengi wao wafanyakazi wahamiaji kutoka Myanmar, soko limefungwa, waliomo ndani wamezungushiwa uzio. Kwenye picha kulikuwa na waya wa miba na watu nyuma yake wakipokea mifuko ya chakula. Niliivuta ile picha mpaka ikawa vidoti tu, nikitafuta mabuti ya mpira. Karibu kila mtu alikuwa na mabuti ya mpira.

Mhariri alitaka aya tatu. Nikaandika aya tatu. "Wahamiaji kutoka Myanmar," niliandika, kwa sababu ndivyo mwongozo wetu wa uandishi unavyotaka. Nikajaribu kusema lile neno la bei kwa sauti, pale kwenye dawati, nikiinua kidevu. Mwenzangu akaniuliza nasema nini.

Ile baht 10 ninayo. Mahali pake ni kwenye kile kibubu, na siku zote nimekusudia kuirudisha kwa mwenyewe. Sijui hata jina lake la Kiburma. Kwenye daftari la mahudhurio aliandikwa jina la Kithai alilopewa shuleni, kwa sababu lile la kwao, waliniambia, lilikuwa gumu kutamka.